Mgongo ni Hatua ya Tatu

Jumatatu hiyo mzee alikataa chai kutoka mkononi mwangu.

Hakuwa mgonjwa. Alinyoosha ule mkono wake unaotetemeka, akajimiminia mwenyewe. Nusu ikaingia kikombeni, nusu ikaishia mezani. Mimi nimesimama na kitambaa kama mgeni.

Miezi minne namtunza, hajawahi kunifanyia hivyo.

Wacha nirudi nyuma kidogo muone vile nilijichoma mwenyewe.

Mimi ni Mama Sheldon. Nimelelewa Kayole, na shule kubwa niliyosoma ni mtaa. Saa hii niko Irving, huku Texas, natunza wazee majumbani mwao. Na siwezi nyumba tupu. Jumapili tukitoka kanisani, kwangu watu wanakaa hadi kwa zulia. Chapati ziko, chai iko, mucene uko, yaani umbea.

Mzee anaitwa Profesa Raghunathan. Mhindi wa miaka themanini na mbili, amefundisha falsafa ya kwao maisha yake yote. Binti yake Sudha anaishi Katy, masaa manne ukiendesha bila kusimama. Mimi nilikuwa Jumatatu hadi Ijumaa. Wikendi ilikuwa ya Scholastique, mama Mkongo wa kutoka Bukavu, mpole, maneno yake ya kuhesabu.

Sasa, mgongo wangu. Miaka sita ya kuinua watu wazima si mchezo. Niliposikia mzee anajua yoga, nikaona Mungu ameniletea dawa mlangoni.

"Prof, nifundishe ile ya kunyoosha mgongo."

"Mgongo ni hatua ya tatu," akasema. "Hatua ziko nane. Ya kwanza ni mambo matano ya kuacha. Ya pili, matano ya kushika. Ukimaliza hayo kumi, njoo na mgongo."

"Haya, la kwanza ni gani?"

"Usidhuru kiumbe. La pili, usiseme uongo."

Yaani nimeitisha dawa, napewa Sunday school.

Na ikawa ni kila siku. Nikiuliza mgongo, ananipa akili. Eti kwa wahenga wao yoga haikuanza na viungo, ilikuwa ni kutuliza akili iache kuzunguka. Na akili inazunguka kwa njia tano. Kuna kujua kitu sawasawa. Kuna kukiona vibaya, kama mtu ameona kamba kwa giza akaruka akidhani ni nyoka. Kuna maneno matupu, yasiyo na kitu nyuma yake. Halafu usingizi, halafu kumbukumbu.

"Hiyo ya kamba ndiyo mbaya," akasema. "Aliyeruka huwa ana uhakika."

"Sawa Prof. Na mgongo je?"

Akaanza upya na kamba. Ilikuwa inanikera, siwadanganyi.

Sasa Jumamosi moja nikakumbuka nimeacha chaja kwa mzee. Nikapitia mchana. Nikazunguka nyuma, na kwa kioo nikamwona Scholastique kwenye kibaraza cha vioo, kwa kiti, macho amefumba, mikono kwa mapaja. Nikagonga kioo. Hakusikia.

Mzee alikuwa kando yake, macho wazi. Akaweka kidole mdomoni. Nyamaza.

Nikasema ahaa. Kumbe wanafichiana.

Jumatatu nikiwa sebuleni kwa mzee nakunja nguo, nikampigia Jedidah, rafiki yangu tangu nitue Texas.

"Wueh, huyu Mkongo analala kazini. Nimempata amezima kabisa. Mzee angeanguka hapo angejiokota mwenyewe."

"Ati nini?" Jedidah akasema, na nikasikia akivuta kiti.

Mkiona mtu amevuta kiti, mnajua tena. Stori kavu haimfai. Nikaongeza chumvi. Nikasema si mara ya kwanza. Nikasema nilimpata mzee amelowa.

Mzee alikuwa mkavu kama biskuti.

Alhamisi, Scholastique akafutwa kazi na Sudha. Akanipigia akilia.

"Dada, mi sikukuwa nalala. Nani alisema mi nalala? Niko na batoto batatu, dada."

Nikamwambia, tulia, huyo nyoka nitamtafuta mimi mwenyewe. Na nilimaanisha. Mtu kuchomea mama kama huyo, nilisikia uchungu kabisa.

Hesabu ilikuwa rahisi. Nilikuwa nimeambia mtu mmoja tu.

Jumapili, nyumba imejaa, nikamsimamisha Jedidah mbele ya watu. "Ni wewe umempigia Sudha."

"Mimi hata namba ya huyo Sudha sina," akasema polepole. "Lakini mdomo ulioanza tunaujua, Mama Sheldon."

Akabeba sufuria yake ya pilau, bado moto, akatoka. Wengine nao wakakumbuka wana shifti. Saa tisa mchana nilikuwa nimebaki na chapati arobaini na kimya.

Kesho yake ndiyo ile ya chai.

"Prof, nimekukosea wapi?"

Akanyoosha kidole juu ya kabati, kwa kile kidude cheupe. "Unajua hicho ni nini?"

"Si ni ya Wi-Fi?"

"Ni jicho la Sudha. Na sikio lake. Hata Kiswahili chako simu yake inamtafsiria."

Nikakumbuka zile karatasi nilizosaini siku ya kwanza bila kusoma.

"Lakini alikuwa amelala. Niliona na macho yangu."

"Uliona macho yamefumba," mzee akasema. "Scholastique akifumba macho anaona vita ya kwao. Aliniomba nimfundishe kukaa. Wiki kumi na moja alishindwa. Siku uliyogonga kioo ndiyo ya kwanza aliweza."

Nikapangusa ile chai mezani.

"Si ungemwambia Sudha?"

"Nilimwambia. Anasema siku hizi ninasahau. Kibarazani kamera haifiki, kwa hiyo akakuamini wewe."

"Na mimi? Mbona mimi hukuniambia?"

"Miezi minne nakwambia. Usidhuru. Usiseme uongo. Wewe unasema mgongo."

Nikasimama mbele ya kile kidude. Nilijiona mjinga, lakini nikaongea.

"Sudha, najua unanisikia. Scholastique hakuwa amelala. Baba yako hakuwa amelowa. Hayo nilitunga mimi. Na baba yako hajasahau kitu."

Dakika kumi hivi, simu ikalia. Sudha hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: kwa nini nilisema.

Ningemjibu nini? Ati rafiki yangu alivuta kiti?

Alimrudisha Scholastique, akampa na siku zangu. Mimi nikaambiwa nimalize wiki.

Jioni hiyo nilienda kwa Scholastique, nikamwambia nyoka ni mimi. Hakunitukana. Alifumba macho, pale pale mlangoni, akakaa hivyo muda mrefu. Nikasubiri. Mpaka leo sijui alikuwa akiona nini, na sikumwambia kwamba mzee amenieleza habari ya vita. Alipofungua alisema, "Asante kwa kusema," akafunga mlango.

Ijumaa, siku ya mwisho, mzee akaniachia nimmiminie chai.

"Prof, si sasa mgongo?"

Akahesabu kwa vidole vyake vinavyotetemeka.

"Umejaribu mawili. Yamebaki manane."

Jedidah bado hashiki simu yangu. Mgongo bado unauma.

Ndugu zangu wa majuu na wa nyumbani, ukimpata mtu amefumba macho, muulize kwanza. Kama hujamuuliza, huna stori.