Dereva anayemsimulia mkewe safari ambayo hajawahi kumpeleka

Saa moja kasorobo asubuhi, katika ua wa kampuni ndogo ya utalii, mwanamume mwenye mvi za pembeni anafuta vioo vya gari kwa gazeti lililoloweshwa maji na siki. Gari lina madirisha sita. Matano anayafuta mara moja. La sita, la nyuma upande wa kushoto, analifuta mara mbili, kisha anarudi nyuma hatua tatu na kulikagua kama fundi rangi asiyeridhika na ukuta wake.

"Hilo ndilo dirisha la kuona kila kitu," anamwambia mwandishi wa makala haya bila kuulizwa. "Stesheni iko upande huo, bwawa upande huo, mizabibu upande huo. Anayekaa pale hana haja ya kugeuza shingo."

Wenzake wanamwita Taratibu, kwa sababu katika miaka ishirini na moja ya kuendesha wageni hajawahi kukimbiza gari kiasi cha kumshtua swala. Nyumbani ni Baba Mapacha. Wageni humwita jina lolote wanaloweza kulitamka, naye huitikia yote.

Kazi yake ni safari moja tu ya kwenda mashambani na kurudi siku hiyo hiyo. Gari moja, kundi moja, hakuna kuchanganywa na watu wengine. Asubuhi historia, mchana wanyama, alasiri kuonja mvinyo. Kwa mujibu wa daftari la ofisi, ameshaifanya zaidi ya mara elfu tatu.

Mara zote hizo, mtu anayetamani kumwona kwenye kiti cha dirisha lile hajawahi kukikalia. Mtu huyo ni mkewe.

Wageni wa leo ni mke na mume wastaafu. Mke alikuwa mwalimu wa hesabu, mume fundi bomba. Safari ni zawadi ya watoto wao kwa miaka arobaini ya ndoa, na mume amekwisha kutangaza kwamba angefurahia zaidi kulala.

Usingizi huo unamtoka kwenye kituo cha kwanza, stesheni ya reli iliyofungwa zamani. Paa limebaki nusu, na saa ya ukutani haina mishale. Taratibu haanzi na mwaka wala majina ya wakubwa waliojenga. Anawapeleka moja kwa moja kwenye dirisha la tiketi la daraja la tatu, tundu la mbao lililo usawa wa kiuno cha mtu mzima.

"Nunueni tiketi," anawaambia.

Wanacheka, lakini wanatii. Ili kuzungumza na aliye ndani, lazima mtu apinde mgongo mpaka kidevu kikaribie ukuta. Taratibu anawaacha wamekunjika hivyo, kimya, mpaka kicheko kinawaisha.

"Daraja la kwanza dirisha lao lile pale, unasimama wima," anasema. "Hili lilijengwa chini makusudi. Waliotandika reli hii kwa mikono yao walinunua tiketi wakiwa wameinama hivyo."

Mume anainuka akishika kiuno. "Kumbe," anasema.

Igizo hilo halikubuniwa stesheni. Lilibuniwa nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula. Alipoanza kazi, Taratibu alikuwa dereva wa lori la mchanga asiyejua hata kusalimia wageni kumi bila kutokwa jasho. Mkewe, fundi cherehani, ndiye aliyeshika karatasi na kumsikiliza kila jioni, akimkatiza anapokosea.

"Alikuwa anasoma mwaka kama mtu anayesoma namba ya mita ya maji," mkewe atakumbuka baadaye. "Nikamwambia, baba, mimi hizo namba siziwezi. Nionyeshe. Akainama chini ya meza pale. Nikasema, basi, hilo hilo."

Adhuhuri gari linasimama kando ya bwawa lililo ndani ya eneo la hifadhi. Ni mwisho wa kiangazi na maji kwingine yamekauka, kwa hiyo wanyama wote wako hapa. Pundamilia wamejipanga ukingoni, twiga wanasogea hatua moja moja kwa mashaka yao ya kawaida, na viboko wamelala majini wakionyesha masikio tu.

Taratibu ana namna yake ya kuonyesha. Hanyooshi kidole akasema yule pale. Anamwambia mgeni afumbe macho, anamsimulia anachokiona yeye, halafu ndipo anamruhusu afumbue. "Ukifumbua unakuwa umeshamjua, unamsalimia tu," anasema.

Mwalimu anafumbua macho, anamwona twiga, na kufunika mdomo kwa furaha. Halafu anamgeukia dereva na kuuliza swali la kirafiki, la kupiga soga tu:

"Na mama nyumbani, yeye anapenda wapi zaidi? Stesheni au hapa?"

Taratibu anashika usukani.

"Hajafika," anajibu hatimaye.

"Miaka ishirini na moja?"

"Hajafika, mwalimu."

Jambo lenyewe si gumu kueleweka, ila linauma. Kampuni humpa kila dereva siku moja kwa mwaka ya kutoka na familia yake bure, siku yoyote ambayo gari halina wageni. Kulipa mwenyewe hawezi, kwani bei ya gari kwa siku moja ni karibu mshahara wake wa miezi miwili. Kwa hiyo alikuwa na siku ishirini na moja za bure. Hakutumia hata moja.

Gari hukosa wageni wakati wa mvua tu. Na wakati wa mvua, kama ajuavyo kila mwongoza wageni, safari hii haina uso. Maji yako kila mahali, wanyama wanatawanyika, na mizabibu imekatwa imebaki vijiti. Taratibu hakutaka mkewe aione hivyo. Alitaka aone kiangazi, bwawa likiwa limejaa wanyama na zabibu zikining'inia. Kila mwaka alijiambia kiangazi kijacho huenda siku moja ikabaki wazi. Haikubaki.

"Nilikuwa namtunzia," anasema. "Kama mtu anayetunza nguo nzuri kabatini. Kumbe nguo inaliwa na nondo."

Miaka minne iliyopita mkewe alianza kukosa tundu la sindano. Walidhani ni umri. Hospitali wakaambiwa ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa za matone zimepunguza kasi tu. Jicho moja limeshazimika. La pili linaona katikati peke yake, na miezi miwili iliyopita daktari aliwaambia waziwazi kwamba asingeahidi chochote baada ya mwaka huu.

Tangu siku hiyo, Taratibu anasema, humwonea wivu kila mgeni anayeketi kwenye dirisha la kushoto. "Nawatakia mema, ni wageni wangu. Lakini roho inauma. Namwangalia mtu kwenye kioo, anasinzia pale, na twiga yuko nje."

Saa tisa alasiri wanafika kwenye shamba la mizabibu. Kiangazi kimefanya kazi yake. Mistari inashuka mteremko mpaka chini, na mashada meusi yamejaa mpaka majani yanaonekana machache. Katika ghala lenye ubaridi, msichana wa shamba anapanga glasi mbele ya mapipa.

Hapa Taratibu ni bingwa wa ajabu. Anainua glasi, anaizungusha, anaingiza pua, na kueleza: hii ina moshi kidogo, hii utasikia ganda la chungwa mwishoni, hii usiinywe haraka itakukasirikia. Wageni wanakunywa na kutikisa kichwa, ndivyo hasa. Yeye anairudisha glasi mezani ikiwa kamili. Hajawahi kumeza hata tone, kwani lazima awarudishe watu mjini. Yote anayoyajua ameyapata kwa pua na kwa kuwauliza waliokunywa.

"Mimi ni kama mpambaji wa maharusi ambaye hajaoa," anasema, na msichana wa shamba, ambaye bila shaka amelisikia mara mia, anacheka hata hivyo.

Wakiwa nje kati ya mistari, fundi bomba anamsogelea. Mwalimu amemweleza.

"Sasa unangoja nini, ndugu yangu?"

"Zabibu ziive," Taratibu anajibu, kwa mazoea.

Mzee yule anatazama kulia, anatazama kushoto, anashika shada moja kwa kiganja. "Si zimeiva hizi?"

Taratibu anarudi ghalani, anaokota kizibo cha chupa waliyofunguliwa wageni, anakipangusa kwenye suruali na kukitia mfukoni.

Saa kumi na moja na nusu, baada ya kuwashusha wageni, haendi kuosha gari kama kawaida yake. Anaingia ofisini kwa mama mwenye kampuni, akiwa bado ameshika funguo.

"Naomba siku yangu," anasema.

Mama yule anashusha miwani. "Nilidhani wewe siku hiyo huipendi." Anafungua daftari, anapitisha kidole. Mwezi huu umejaa. Mwezi ujao wiki mbili za kwanza zimejaa. "Jumapili ya tatu. Lakini mvua itakuwa imeanza, Taratibu. Watakuwa wameshavuna na kukata. Wanyama usiwahesabu. Mtatoka bure."

"Andika," anasema.

Nyumbani kwao ni vyumba viwili na kibaraza. Cherehani iko karibu na dirisha, imefunikwa kitambaa. Mkewe amekaa kibarazani anakunja nguo kwa kuzipapasa, na anamtambua mumewe kwa namna anavyofungua geti.

"Lete," anasema, kabla hata hajavua viatu.

Ni desturi yao. Kila jioni ya safari humletea kizibo kimoja. Vipo maelfu, vingine ameviunganisha kwa uzi vikawa vya kuwekea sufuria za moto. Anakipokea, anakinusa, anakigeuza na kukinusa tena.

"Nyekundu. Tena ya siku nyingi. Wageni wako leo watu wazima."

"Umejuaje, mama?"

"Vijana hawafungui hii. Vijana wanafungua ile tamu, wanapiga picha, wanaondoka." Anamgeukia mwandishi. "Juzi kaniletea cha nyeupe chachu. Nikamwambia hao wamegombana njiani. Muulize kama sikupatia."

"Walirudi hawasemeshani," Taratibu anakiri.

Kisha anakaa kwenye ngazi na kumweleza, haraka haraka, jambo lisilo kawaida yake. Jumapili ya tatu. Mvua. Binti yao mmoja wa mapacha, yule anayeendesha gari la kusambazia mikate, atashika usukani. Wao wawili watakaa nyuma, yeye mama dirisha la kushoto. Anaomba radhi kuhusu mizabibu. Anaomba radhi kuhusu bwawa. Anasema huenda pundamilia mmoja wawili watakuwepo, huenda, hawezi kuahidi.

Mkewe anamsikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa juu ya shati ambalo hajamaliza kulikunja. Ni shati la kazi la mumewe, alilolishona mwenyewe alipokuwa bado anaona sindano.

"Nyuma sikai," anasema.

"Mama, lile ndilo dirisha la—"

"Nyuma nitaona kisogo cha mtoto. Nakaa mbele, na wewe ndiye uendeshe. Binti aje tu, ashike usukani wakati wa kurudi, na wewe siku hiyo ukaonje hiyo mvinyo unayoidanganyia watu."

"Lakini mbele huwezi kuona vizuri wanyama."

"Baba Mapacha, wanyama nimewaona. Twiga namjua, bwawa nalijua, dirisha la tiketi naweza kulichora. Umeniletea vyote hivyo hapa kibarazani miaka ishirini na moja. Kitu kimoja ndicho hujaniletea. Watu baki wote wanakuona ukiwasimulia huko, uso wako ukiwa umewaka. Mimi unanirudia jioni umechoka." Anainua kiganja karibu na jicho lake linaloona bado na kukikunja kama anayechungulia kwenye bomba. "Daktari kasema kilichobaki ni hiki. Basi hiki kinatosha uso mmoja. Nataka uwe huo wako."

Taratibu, mtu anayeweza kuongea kilomita mia mbili bila kumeza mate, anabaki na kiatu kimoja mkononi. Machozi yanamtoka na hayafuti. Mkewe hayaoni, au anajifanya hayaoni, na anaendelea kukunja shati.

"Na hili uvae," anasema. "Nisije nikatoka na mtu nisiyemjua."

Akimsindikiza mwandishi getini, Taratibu ana mipango mipya kichwani. Atapita njia ya juu, yenye lami, ili mvua isiwakwamishe. Pale stesheni atainama yeye mwenyewe dirishani, na mkewe atasimama upande wa ndani, karibu, amtazame. Bwawani hatamfumbisha mtu macho.

"Na Jumamosi yake," anasema, akijipapasa kidevu chenye ndevu za siku tatu, "nitapita kwa kinyozi."