Mwaka Usio Wetu

Likizo ya Desemba ikifika, wanafunzi wenzake Tabitha Werema hutawanyika, kila mmoja kwao, kula na kulala. Yeye hurudi Tarime kufanya kazi isiyo na mshahara. Wapo wengine wanaojitolea, tena wengi, ila tuseme ukweli: baadhi yao macho yako kwenye cheti. Wanapigwa picha wameshika fagio hospitalini, na picha ikishaingia kwenye simu fagio linarudi ukutani. Tabitha hakuwa wa kundi hilo, na si kwamba alikuwa malaika. Alikuwa na sababu yake tu.

Alipokuwa darasa la sita, msichana mmoja wa chuo aliyekuja kujitolea alisimama mbele ya shule yao huko Itiryo, akawaambia mabinti kwamba mjini Tarime kuna kituo kinachowapokea wanaokimbia kukeketwa. Akawaelekeza na njia. Desemba ile Tabitha alitoroka na sare yake ya shule mwilini, akapokelewa, akakaa kituoni mpaka msimu wa ukeketaji ukapita. Baba yake, mzee Werema, alinuna muda mrefu, kisha akazoea, na siku binti alipopata nafasi ya chuo kikuu Dodoma alichinja mbuzi akaita majirani. Shangazi yake Veronika, dada wa mzee Werema, mbuzi alimla lakini kusamehe hakusamehe.

Kwa hiyo Tabitha alipoanza chuo, kazi ya kujitolea hakuitafuta mbali. Alirudi kwenye kituo kilekile, safari hii akiwa upande wa wanaopokea. Alipewa fulana ya zambarau yenye maandishi mgongoni na kipaza sauti cha betri, na kwa jinsi alivyovipenda ungedhani amepewa cheo.

Aliyevipenda zaidi ni mdogo wake, Mokami. Mwaka jana, ukoo wao ulipofungua msimu, Tabitha alimchukua mapema akamweka kituoni pamoja na wasichana wengine. Mokami alikaa pale kama yuko kwenye sherehe. Aliivaa fulana ya dada yake ikamfika magotini, akashika kopo la maziwa tupu kama kipaza sauti, akawahutubia wenzake uani mpaka mama wa jikoni akawa anafuta machozi kwa kucheka. "Wazazi wa Tarime," alisema kwa sauti nzito ya mkuu wa wilaya, "binti ni wa kusoma." Tabitha alimwahidi kwamba mwaka unaofuata atamtafutia fulana ya saizi yake.

Mwaka huu Mama Laurensia, mkuu wa kituo, aliwakusanya vijana wa kujitolea msimu ulipokaribia. Mama huyu aliletwa Tarime kikazi, ofisa ustawi wa jamii, na sasa hana haraka ya kurudi kwao. Vijana wenyewe walitoka kila pembe ya nchi. Agape, anayesoma darasa moja na Tabitha, alikuwa bado anajifunza kusalimia kwa Kikurya na kila akijaribu watoto wanamcheka. Gari lilikuwa moja, na wilaya mbili, Tarime na Serengeti, si uwanja wa mpira.

"Haya, Tabitha," Mama Laurensia alisema, "wewe ndiye mwenyeji wetu. Tuanzie wapi?"

Tabitha akawaeleza kitu ambacho mgeni hawezi kukijua. Huku watu hawakeketi kila ukoo kila Desemba. Wazee wa mila wa kila ukoo hukaa kikao chao, hutazama ishara zao, halafu hufungua mwaka au huufunga. Ukoo uliofungua mwaka jana, mwaka huu hupumzika, na mila hiyo haivunjwi kwa sababu wanaogopa mkosi.

"Kwa hiyo kwetu mwaka huu wamefunga," alimaliza. "Si mwaka wetu. Nguvu zote tupeleke Serengeti, huko ndiko wanafungua."

Wenzake wakamtazama kwa heshima. Agape akasema kwamba chuoni wangefundishwa mambo kama haya ingekuwa afadhali. Tabitha alijisikia vizuri sana siku hiyo, na sitamlaumu kwa hilo. Mtoto wa mkulima wa Itiryo amekaa na wasomi wenzake wanamsikiliza yeye, nani asingejisikia vizuri?

Kabla ya kuondoka alikwenda nyumbani kusalimia. Alimpelekea mama yake khanga ya kijani aliyoinunua Dodoma, yenye maua makubwa ya njano, na mama akaikunja akaiweka ndani, akisema ni ya kuendea kanisani. Mokami alimfuata dada yake nyuma nyuma toka nyumbani mpaka kisimani na kurudi.

"Dada, nichukue twende wote."

"Twende wapi? Mwaka huu si wetu. Baki umsaidie mama kupalilia."

"Mwaka jana ulinichukua."

"Mwaka jana walifungua. Mokami, kituo hakitoshi. Kitanda chako atalala mtoto ambaye kwao wamefungua. Unamwonea huyo?"

Mokami akafikiri, akasema hamwonei. Alikuwa mtoto mwenye huruma, na hoja ile ilimnyamazisha. Kisha akauliza fulana yake iko wapi. Tabitha akamwambia zimeagizwa Mwanza, hazijafika, zikifika atamletea mwenyewe.

Shangazi Veronika alikuwa uani anapukuchua mahindi. Huyu mama ni mwimbaji wa kwaya, sauti ya kwanza, na siku hiyo alikuwa mtamu kuliko siku zote. Aliuliza habari za chuo. Aliuliza kama Dodoma maji yanapatikana. Halafu akauliza, mikono ikiendelea na gunzi, "Na nyinyi watoto wa kituo mwaka huu mtakuwa upande gani?"

"Serengeti, shangazi. Wote. Mpaka Krismasi ipite."

"Na gari lenu?"

"Na gari letu."

"Mungu awatangulie," akasema shangazi, na Tabitha akajua, au akadhani anajua, kwamba hatimaye mama huyu amelainika.

Kazi ya Serengeti ilikwenda vizuri kupita walivyotarajia, na hapo ndipo moyo unapouma zaidi ukikumbuka. Walizunguka vijijini, Tabitha na kipaza sauti chake, akisema njia ya kufika kituoni kama alivyoelekezwa yeye zamani. Wasichana wakaja. Mmoja alikuja na mtoto wa mbuzi begani kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Mwingine aliletwa na babu yake mwenyewe, mzee mwenye fimbo, ambaye alisema tu, "Mtunzeni," akageuka akaondoka. Agape alilia siku hiyo na hakujificha.

Mchana mmoja, Tabitha akiwa katikati ya kuhutubia gulioni, simu ikaita kidogo mfukoni ikakata. Ilikuwa namba ya mama. Ikaita tena, ikakata. Alipomaliza kusema na watu alipiga, na aliyepokea ni shangazi Veronika.

"Ni Mokami alikuwa anakubipu," shangazi akasema. "Mtoto anakusalimia tu. Anauliza fulana."

"Mpe niongee naye."

"Ameenda kuchota maji. Wewe endelea na kazi, mwanangu. Huku kumetulia."

Tabitha alicheka. Akamweleza Agape jinsi mdogo wake asivyosahau ahadi, wakacheka wote wawili, na jioni yake akazichambua fulana zilizokuwa zimefika akatoa iliyo ndogo kuliko zote akaiweka kwenye begi lake.

Habari zilifika kwa dereva wa bodaboda. Alimbeba abiria kutoka upande wa Tarime, na abiria akasema amepishana na esaro njiani. Esaro ni ule msafara wa kuwarudisha nyumbani mabinti waliokwisha kukeketwa. Mama Laurensia akauliza esaro ya wapi, kwa kuwa upande ule wamefunga. Dereva akataja barabara ya Itiryo. Tabitha alisema hapana. Alisema huenda ni harusi. Aliendelea kusema huenda ni harusi mpaka walipokuwa ndani ya gari.

Walikutana na msafara barabara ya Itiryo asubuhi, jua likiwa limeshachangamka. Kwanza filimbi, halafu vijana wenye majani na fimbo, nyuso zimepakwa unga, halafu wanawake wanaimba. Dereva akasogeza gari pembeni akazima injini, maana msafara wa esaro haupigiwi honi. Wasichana walikuwa wachache, katikati ya kundi, kila mmoja ameshikiwa mwavuli, wanatembea polepole kwa hatua za mtu aliyeumizwa. Walikuwa wale wale. Mmoja baada ya mwingine, Tabitha aliwatambua kuwa ni wale aliolala nao kituoni mwaka jana, walioshangilia hotuba ya kopo. Wazee walikuwa wameufungua tena mwaka ambao si wao, kimyakimya, ili kuwamalizia waliokimbia.

Chini ya mwavuli wa mwisho ilikuja khanga ya kijani yenye maua makubwa ya njano.

Alishuka garini bila kujua anashuka. Mokami alimwona. Aliitazama ile fulana ya zambarau, akamtazama dada yake usoni, akaendelea kutembea. Hakulia, kwa sababu walifundishwa kwamba anayelia anawaaibisha watu wake. Shangazi Veronika ndiye aliyeshika mwavuli, na alikuwa anaimba sauti ya kwanza.

Mama Laurensia alipiga simu polisi palepale, na polisi walifika, lakini ngariba alikuwa ameshavuka mpaka kwenda Kenya na wazee, kila mmoja alidai hajakaa kikao na mwenzake. Tabitha alikwenda nyumbani kwa miguu nyuma ya msafara, Agape pembeni yake.

Baba yake alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba. Hakunyanyua macho.

"Shikamoo, baba," Tabitha alisema, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

"Marahaba."

"Baba, si mwaka wetu. Uliniambia mwenyewe nikiwa mdogo. Haivunjwi."

"Wazee walikaa," mzee Werema akasema. "Walikuwa wanaogopa lile gari lenu. Veronika akawaambia watoto wa kituo wote wako Serengeti, na gari lao. Wakauliza nani amesema. Akasema umesema wewe." Alisugua magoti kwa viganja. "Mimi nilinyamaza. Nilipokupokea wewe bila kukeketwa walinitenga, nikakaa peke yangu kwenye misiba ya watu. Mara hii nilichoka."

Kila neno Tabitha alilolishika kumrushia baba yake lilikuwa na sauti yake mwenyewe ndani. Serengeti, shangazi. Wote. Na gari letu. Hakuna aliyemlazimisha kusema. Alisema kwa raha, akiona amependwa.

Shangazi alitoka jikoni na sufuria ya uji. "Usinitazame hivyo," alisema. "Wewe ulitutoroka ukawa omosagane mpaka leo, mwanamke mzima ambaye hajatahiriwa, na watu wanatusema. Huyu tusingemwacha awe wa pili."

"Ulisema ananisalimia."

"Alikuwa anakuita," shangazi akasema, bila kuficha. "Nilimnyang'anya simu."

Mama yao alikuwa amekaa ndani, kwenye kona, ameshika mkono wa Mokami. Alipomwona Tabitha alifumba macho. Tabitha akapiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa amejiapiza njiani kwamba hatalia mbele ya mtoto, na alilia kabla hajafungua mdomo. Aliomba msamaha kwa Kiswahili, akaomba kwa Kikurya, akasema ningekuchukua, ulinisihi, ningekuchukua ulale hata chini.

"Usilie, dada," Mokami alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo na imekauka. "Mimi sikulia."

Nje walianza tena kuimba. Mama Laurensia alikuwa amepata ruhusa ya mzee Werema kumpeleka mtoto hospitali, na gari lilikuwa linasogezwa. Tabitha hakujua afanye nini na mikono yake. Alifungua begi, na kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kumpa, akaitoa ile fulana ndogo, ikiwa bado kwenye mfuko wake wa nailoni.

Mokami aliipokea. Aliitoa kwenye mfuko, akaikunjua juu ya ile khanga ya kijani, akaipima mabegani kwa macho. Ilikuwa saizi yake hasa. Akapitisha kidole kwenye maandishi ya mgongoni, neno moja moja, kama anayasoma kwa mara ya kwanza. Halafu akaikunja vizuri, kona kwa kona, akairudisha kwenye mfuko na kumkabidhi dada yake.

"Mpe mwingine," alisema. "Mpe ambaye bado."