Tembo Aliyelipiwa Ulaya

Nisimwonee Bwana Salimu, tajiri wangu hapa Iringa, anayewaandalia wazungu safari za kuwinda. Maneno yake yalikuwa wazi: "Mgeni amelipa tangu Ulaya. Anataka tembo, mtafutie. Akiridhika, nitakuajiri moja kwa moja."

Kwetu tembo ni mnyama. Lakini tajiri ni mtu wa pwani, na kwao mnyama ni ndovu, tembo ni pombe. Labda nilijifanya mwerevu. Nikanunua mtaani Ipogolo madebe mawili ya ulanzi, pombe ya mianzi.

Mgeni akafika. "Tembo iko wapi?"

"Iko stoo, bwana. Kali kweli!"

Mgeni akapiga goti, akaelekeza bunduki mlangoni. Tajiri akajificha nyuma yangu. Nikafungua. Povu lilikuwa limefurika hadi sakafuni.

Bwana Salimu, Mwislamu asiyegusa kileo, ndiye aliyenusa kwanza.

"Wewe!" akanong'ona. "Tembo mwenye masikio!"