Mashine Aliyotuma Baba

Jana, kwenye kibanda cha fundi hapa mtaani Gudele, harufu ya plastiki moto na vumbi ilinirudisha katika chumba chetu cha mtaa wa Munuki, siku ile ya utotoni tulipowasha mashine ya michezo aliyotuma baba kutoka Amerika.

Nilikuwa nimewaita watoto wa jirani. Walikuja na diski zao, wakajaribu moja, mashine ikaitema. Wakajaribu nyingine, ikaitema pia. Mtaa mzima ulikuwa na mashine za kampuni nyingine, na kampuni hizo mbili hazikupatana hata kwa diski.

"Baba yako amenunua ile ingine," rafiki yangu alisema, akizipangusa diski kwa shati lake. Wakaenda kuchezea kwao.

Jioni baba alipopiga simu, nilimwambia.

"Lakini huku watoto wote wanataka hiyo," alisema. "Huko kwenu wanacheza gani?"

Nilirudi kwenye mchezo wa magari uliokuja na mashine. Kioo cha televisheni kilikuwa kimegawanyika nusu mbili, na gari la chini, la mchezaji wa pili, lilikuwa halijaondoka mahali pa kuanzia. Mama aliingia, akafuta unga mikononi kwa kitenge chake, akaketi sakafuni na kuokota padi ya pili ya kuchezea.

"Mimi iko wapi?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha Uganda.

"Hapa chini, mama. Hili jekundu."

Alibonyeza vitufe vyote kwa pamoja. Gari lake likarudi nyuma, likagonga ukuta.

"Ngoja mimi," alisema.

Nikasimamisha langu katikati ya barabara, nikamngoja.