Umeme wa Mutegi Haukatiki

Elphas Mutegi wa Kinoru alikuwa na nyumba ya mbao ya vyumba vinne, aliyoijenga mwaka 1976 juu ya msingi wa mawe. Mbao zilikuwa za saipresi. Nje alizipaka oili chafu ili mchwa wasizile, na ndani rangi ya kijani. Umeme uliingia humo Agosti 1978. Tangu siku hiyo hadi Machi 2009, taa zake hazikuzimika isipokuwa mji mzima wa Meru umezimika, na mgeni aliambiwa habari hiyo kabla chai haijamiminwa.

Hakuwa amesomea umeme. Alipotoka shule alimbebea ngazi fundi mmoja wa mjini kwa miaka mitatu, akitazama. Mwaka 1969 aliajiriwa na kiwanda cha kahawa kilichokuwa chini mtoni, kuangalia mota za mashine za kumenya. Alikuwa mtu wa rula. Waya zake zilikwenda sambamba juu ya mbao, vibanio vikiachana inchi sita, na ramani ya kila nyumba aliichora katika daftari la shule. Watu wa Kinoru walipoanza kuvuta umeme, miaka ile kahawa ilipokuwa na bei, walimwita yeye. Mbali na nyumba yake alitia waya nyumba saba. Mwenye nyumba mmoja hata alimchinjia mbuzi.

Machi 2009 binti yake Kiende, muuguzi huko Embu, alileta friji ndogo. Mkewe Mutegi, Karwirwa, alikuwa ameanza kudungwa dawa ya sukari, na dawa hiyo ilikuwa ikikaa ndani ya chungu cha maji kwenye kona ya jikoni. Friji ilifanya kazi siku mbili bila neno. Siku ya tatu Karwirwa alichomeka na birika la umeme palepale, akaenda kufungulia kuku. Aliporudi alikuta harufu kama ya kwato iliyochomwa. Soketi ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na ubao nyuma yake ulikuwa wa moto hata usiweze kuwekewa kiganja.

Alichomoa vyote viwili, akamwita mumewe.

"Ni panya," Mutegi alisema. "Ametafuna mahali."

"Baba Kiende, panya hapiki ukuta."

Kiende alipopata habari hakubishana na baba yake kwa simu. Alimtuma Makandi, mwanamke fundi wa umeme mwenye miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Kanyakine, aliyekuwa amejifunza chuoni na kupewa leseni. Alifika Jumatano asubuhi na mkoba wa vifaa na ngazi ya alumini. Mutegi alimpokea mlangoni, daftari lake la ramani likiwa kwapani.

"Nilidhani watatuma fundi," alisema.

"Walimtuma, mzee. Akanipa mkoba nimtangulie," Makandi alijibu, na kupita ndani.

Alifanya kazi saa nzima bila maneno mengi. Mutegi alimfuata chumba hadi chumba akimwonyesha ramani, naye Makandi akakiri kwamba hajawahi kuona waya zilizonyooka namna ile. Kisha alifungua ubao wa jikoni, akaukunja waya mmoja kwa vidole viwili. Ngozi ya waya ilipasuka na kudondoka, kama ganda la maharagwe yaliyokauka shambani. Alikwenda chumba cha kulala akafanya hivyo tena, juu kidogo ya kitanda. Ikadondoka vilevile.

"Kata kipande cha jikoni uunge," Mutegi alisema.

"Siungi, mzee. Zote zina umri mmoja. Pia hakuna waya wa kupeleka umeme ardhini. Ni kutoa zote na kuweka mpya, au mama aache friji na birika, mkae na taa tu. Hata taa sizipendi."

"Zimekaa miaka thelathini na moja."

"Hilo ndilo linaloniogopesha. Juzi fyuzi ilipaswa kukatika. Ukuta umeungua na fyuzi imekaa tu. Nifungulie boksi niione."

Boksi la fyuzi lilikuwa sebuleni, juu ya mlango, karibu na kalenda ya kanisa. Mutegi alisimama chini yake.

"Hiyo haijawahi kuleta shida," alisema. "Nipe mpaka Ijumaa nifikirie."

Makandi alimtazama yeye, kisha Karwirwa aliyekuwa mlangoni mwa jikoni, akafunga mkoba. Kabla ya kuondoka alitoa nyaya za soketi ya jikoni, akazifunga kwa utepe mweusi. Dawa ilirudi chunguni.

"Unafikiria nini?" Karwirwa aliuliza, ngazi ya alumini ilipokwisha kutoka langoni. "Kiende amesema atalipa. Nyumba ni mbao, na mimi ndiye nalala chini ya hizo waya."

"Na mimi nalala hapo."

"Wewe unalala chini ya jina lako. Mimi nalala chini ya waya."

Karwirwa alipokwenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani, Mutegi alizima umeme wa nyumba nzima, akapanda kiti na kufungua boksi mwenyewe. Alijua atakachokuta. Mahali pa uzi mwembamba wa fyuzi, ule unaoyeyuka umeme ukizidi, palikuwa na waya wa chuma uliosokotwa mara mbili. Ulikuwa umetoka kwenye wavu wa meza ya kukaushia kahawa.

Mwaka 1978 uzi wa fyuzi ulikuwa adimu madukani Meru. Kila aliyeuza kahawa alinunua redio na pasi, na fyuzi zilikatika kila wiki. Walimwita Mutegi, naye hakuwa na kitu cha kutia. Wakaanza kumcheka, kwamba umeme wake ni wa kuonja. Kiwandani walikuwa wakibadilisha nyavu za meza. Kila mkulima aliujua waya ule: unalala juani na mvuani, unabeba kahawa mbichi msimu baada ya msimu, na haukatiki. Mutegi alichukua mkunjo mmoja akautia kwenye boksi lake, kisha kwenye nyumba zote saba. Kicheko kilikoma. Watu wakaanza kusema umeme wa Mutegi haukatiki, na hapo ndipo mbuzi alipochinjwa.

Mwaka 1985 kiwanda kilimpeleka Embu kwa mafunzo ya wiki mbili. Siku ya nne mwalimu alishika fyuzi juu na kusema kwamba kazi yake ni kufa ili nyumba isife. Mutegi aliandika maneno hayo katika daftari lilelile la ramani. Alirudi nyumbani akiwa na nia ya kuzunguka nyumba zote. Mwezi huo mvua ilikuwa nyingi. Baadaye akawa hajui aanzeje kumwambia mtu aliyemchinjia mbuzi kwamba sifa ile ndiyo hatari yenyewe. Nyumba tatu zikaja kubomolewa na wenyewe ili wajenge za mawe za kupangisha, na kila moja ilipoanguka alihisi nafuu. Nne zilikuwa bado zimesimama, na watu ndani.

Kwa hiyo alichokuwa akifikiria hakikuwa waya. Waya alikubali kwamba zimekwisha tangu ilipodondoka ngozi ya kwanza. Lakini nyumba yake ikifunguliwa, boksi litafunguliwa, na fundi wa Kanyakine ataona kilichomo. Akikataa, jina litabaki, na Karwirwa atabaki chini ya waya zile. Vivyo hivyo wale wa nyumba nne.

Ijumaa Makandi alirudi. Mutegi alikuwa amekwisha kuutoa waya ule, ameuweka mezani juu ya sahani.

Makandi aliuinua akaugeuza mara moja tu.

"Mzee. Hii ni ya kahawa."

"Ni ya kahawa."

"Kwetu tulijengea banda la kuku nayo. Mpaka leo lipo." Alianza kucheka, akaona uso wa Mutegi, akaacha. "Nani aliweka?"

"Mimi. Hapa na kwingine." Alifungua daftari, akamwonyesha ramani nne alizozitia alama kwa kalamu nyekundu. "Toa waya zangu zote. Sitakuzuia. Lakini leo tuanze na hizi. Hazilali tena hivi."

Karwirwa, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alimletea mumewe koti.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Kathure, mjane wa miaka sabini na miwili, mita mia mbili kutoka uwanja wa michezo. Marehemu mumewe ndiye aliyechinja mbuzi. Kathure aliwaona wanaingia na ngazi, akapiga makofi.

"Fundi! Umeoa mwingine, na unambebesha ngazi?"

"Ni fundi kuliko mimi," Mutegi alisema.

"Hapa hamna kazi. Umeme wako haujakatika hata siku moja."

"Ndiyo maana nimekuja."

Alimweleza akiwa amesimama, kofia mkononi, bila kuruka kitu: wavu wa kahawa, kicheko cha watu, maneno ya mwalimu wa Embu na mwaka alioyasikia. Kathure alihesabu kwa vidole.

"Miaka ishirini na minne umeijua," alisema.

"Ishirini na minne."

"Na chai yangu ukanywa."

"Nikanywa."

Kathure alisogeza kiti chini ya boksi lake. "Panda," alisema. "Mwili wako ndio ulipanda kuweka, si wa huyu mtoto."

Mutegi alipanda. Makandi alishika kiti. Waya wa kahawa ulitoka, uzi wa fyuzi ukaingia, na Makandi akaandika waya zinazotakiwa kubadilishwa. Siku hiyo walimaliza nyumba zote nne. Kwa wa tatu hawakukaribishwa kuketi. Wa nne alisema atatafuta fundi wake, ila akakubali fyuzi ibadilishwe.

Kazi ya nyumba ya Mutegi ilichukua siku sita. Friji ilirudishwa jikoni. Waya za zamani Makandi alizikunja vizuri, akamwachia nyuma ya nyumba.

Wiki iliyofuata Kathure alimwita. Taa zilikuwa zimekatika mara mbili kwa siku moja, na alitaka arudishiwe waya wake wa kahawa, maana huo haukuwa na matata. Mutegi alikwenda na uzi wa fyuzi mfukoni. Alimuuliza Kathure alikuwa akifanya nini zilipokatika. Alikuwa akipiga pasi gauni la kanisani. Mutegi aliomba aione pasi, akaufuata waya wake kwa kidole kutoka kwenye plagi. Karibu na mpini, nguo ya waya ilikuwa imelika, shaba mbili zikitazamana, nafasi ya kuingia ukucha kati yake.

"Tangu lini iko hivi?"

"Ah, hiyo? Zamani. Ilikuwa inanirusha kidogo tu."

Alimwonyesha jinsi shaba hizo zikigusana fyuzi inavyokatika. Kathure alivaa miwani, akainama juu ya mpini kwa muda mrefu. Kisha aliuliza kama pasi ile inaweza kutengenezwa.

Mutegi alisema inaweza, akaketi, na safari hii akasubiri akaribishwe chai.