Gambuti za Daktari wa Ng'ombe

Nakumbuka siku moja ya soko pale Tala, mwanangu, miaka ambayo boda boda zilikuwa bado hazijajaa barabarani na pikipiki ilikuwa chombo cha mtu mwenye kazi yake. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, kibanda cha mabati, na majivuno ya kutosha vijana watatu. Watu waliniita fundi, nami nililizoea jina hilo upesi kuliko kazi yenyewe.

Asubuhi hiyo Kioko, afisa wa mifugo ambaye sote tulimwita daktari wa ng'ombe, aliniachia pikipiki yake. Ilikuwa kuukuu, na vipuri vyake havikupatikana tena. Futresti ya kulia, pale dereva anapoegemeza mguu, ilikuwa imekatika, na pedali ya breki iliyo mbele yake ilikuwa imepinda. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa na futresti na pedali za pikipiki ya aina nyingine, mpya zaidi, nilizozitoa kwa wauza vyuma chakavu. Nilikata, nikatoboa, nikachomelea, na kufikia saa sita zilikuwa zimekaa imara.

Kioko alikuwa bado sokoni, basi nikaipanda mwenyewe. Miguuni nilikuwa na akala, vile viatu vya tairi. Nikarekebisha pedali mpaka ikakaa chini kidogo ya vidole vyangu, nikazunguka uwanja mara mbili. Breki ilishika vizuri sana.

Akala hizo nilitengenezewa na jirani yangu, Mzee Nzioka, ambaye kibanda chake kilipakana na changu. Alikuwa ananitazama.

"Fundi, mwenye pikipiki amekalia?" akaniuliza.

"Mzee, wewe shona viatu. Hii ni mambo ya pikipiki."

Alicheka kidogo, akarudi kwenye kisu chake. Mwanangu, jibu hilo linanitia haya hadi leo.

Kioko alirudi mbio. Alikuwa ameletewa habari kwamba ng'ombe wa Mama Mwende, huko upande wa Mitaboni, ameshindwa kuzaa tangu alfajiri. Akavaa gambuti zake za kazi, zile buti ndefu za mpira, akafunga mkoba, akaondoka kabla sijamweleza lolote.

Kabla ya kufika Mitaboni kuna mteremko wenye kona kali. Alipoifikia akakanyaga breki, ikazama mpaka mwisho bila kushika. Akaingia kwenye ua wa mkonge na kuvunjika mkono wa kulia, mkono ule ule uliokuwa umezalisha ng'ombe wa tarafa nzima. Ng'ombe wa Mama Mwende aliokolewa na majirani kwa taabu. Ndama alifia tumboni.

Sokoni watu walisema daktari amezeeka, macho yamemchezea. Mimi nilinyamaza. Nilijiambia kwamba barabara ni mbaya, na kwa kweli barabara ilikuwa mbaya.

Kesho yake pikipiki ililetwa kwangu kwa pikapu, gambuti zikiwa zimefungwa nyuma. Mzee Nzioka akaja, akazifungua, akaziweka mbele yangu.

"Vaa."

Nikavaa. Akaniambia nikalie pikipiki, nayo ilikuwa juu ya stendi, gurudumu la nyuma likining'inia. Akalishika gurudumu kwa mikono miwili ili alizungushe. Lilizunguka kwa shida, kama limeshikwa.

"Sasa toa mguu."

Nikautoa. Likazunguka vizuri. Soli nene ya gambuti na ile ncha yake ndefu vilikuwa vinailalia pedali bila mimi kuhisi chochote. Kioko alikuwa amekanyaga breki kidogo kidogo njia nzima kutoka Tala, ikapata moto, ikaisha nguvu, na alipoihitaji haikuwepo.

"Mimi hata akala sikati kama sijaona mguu ya mwenyewe, tena akiwa amesimama," Nzioka akasema, bila kupaza sauti. "Hii ulipimia nani, mwanake, kijana wewe?"

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, akavunjika mtu mwingine.

"Saa hii tunajua sisi wawili," akaendelea. "Mwenye kuvunjika mkono ako kwa nyumba, hajui."

Nilichelewa siku mbili, nisikudanganye. Niliogopa kupoteza jina. Siku ya tatu nikaenda. Nilimkuta Kioko amekaa na plasta yake, na mezani kulikuwa na barua ambayo mkewe alimwandikia kwa niaba yake, ya kuomba ahamishiwe kazi ya ofisini. Aliniambia kwa upole kwamba hatapanda pikipiki tena. Mguu wake, alisema, ulikuwa umesahau breki iko wapi, na ndama wa mama wa watu amekufa kwa sababu ya uzee wake.

Nikamweleza yote.

"Kumbe si mimi," akasema. Kisha akamgeukia mkewe. "Mama, umesikia? Si mimi!"

Alilia, mwanangu, mtu mzima yule. Alipomaliza alinifokea mpaka chai ikapoa, na nilistahili kila neno. Halafu mkewe akaichukua ile barua, akaenda kuwashia jiko.

Plasta ilipotolewa, Kioko alikuja Tala na gambuti zake, akakaa juu ya pikipiki karibu saa nzima huku nikishusha pedali, nikipima, nikishusha tena. Mzee Nzioka alisimama pembeni, na safari hii nilimuuliza kila kitu. Kwa Mama Mwende pia nilienda. Huko sikupata la kusema zaidi ya pole, naye akaipokea.

Kwa hiyo sikia, wewe unayeshika spana leo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukihamisha kifaa cha pikipiki moja kwenda nyingine, mwite mwenyewe, na viatu vyake vya kazi, akalie kabla hujakaza nati ya mwisho. Anayekuuliza swali usimwangalie kazi yake, liangalie swali. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kwa maana ukinyamaza kuna mtu mahali fulani anajilaumu kwa kosa lako.

Mungu akupe mikono thabiti na masikio mepesi. Kila atakayepanda ulichokitengeneza afike aendako, na jioni miguu yake iingie nyumbani kwake salama.