Magadi ya Ghati

Haikuwa kweli, na haitakuwa kweli hata ikirudiwa kwenye kila kisima cha Manyamanyama, kwamba Ghati alimchongea mwanawe kwa mgambo. Wala hakumroga. Wanaopenda kusema lisemwalo lipo wakumbuke kwamba linaweza kuwapo na lisiwe hilo wanalolisema. Ghati alikuwa mama mkwe mgumu, mwenye ulimi wa kuchuna ngozi, na mke wa mwanawe, mwalimu Dafroza, alikuwa na kila sababu ya kuwaacha watu waseme. Lakini ukweli hauna mkwe. Mwaka ule wa themanini na tatu mambo yalikuwa hivi.

Felisian, mtoto pekee wa kiume wa Ghati, alikuwa fundi bomba mjini Musoma na alirudi nyumbani Manyamanyama, Bunda, kila Jumamosi. Mapadri wazungu aliowafanyia kazi miaka mingi walipofunga nyumba yao, walimwachia, mbele ya waumini, mtambo wao wa kulainisha maji pamoja na gunia la chumvi ya mawe la kuulisha. Hakuiba kitu.

Maji ya kisima chao yalikuwa magumu. Sabuni ilikufa ndani yake. Badala ya povu ilitoa utando wa kijivu ulioshika kwenye nguo kama laana, na sufuria za chai ziliota gamba jeupe. Na sabuni yenyewe siku zile ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Felisian akajenga kichanja nyuma ya jiko, akapandisha pipa juu yake, akashusha bomba hadi kwenye mtungi wa chuma uliojaa punje ndogo za rangi ya ulezi. Maji yaliingia magumu, yakapita katikati ya punje, yakatoka laini, na kipande cha sabuni cha ukubwa wa kidole kikafua shuka za nyumba nzima. Punje zilipochoka zilimiminiwa maji ya chumvi, zikaachwa zinywe, kisha zikasuuzwa mpaka ulimi usionje chumvi tena. Hapo zilianza upya.

Felisian akiwa Musoma na Dafroza shuleni, mtambo ulibaki mikononi mwa Ghati. Aliuhudumia vizuri, akiutukana.

"Mwalimu, hiki kitu chako kinakulaga chumvi kuliko ng'ombe wa Mugeta."

"Ni cha mwanao, Mama."

"Mwanangu nilimzaa na akili zake. Sijui alizipoteza wapi, tangu aoe."

Kilichomchoma Ghati kilikuwa maji ya kusuuzia. Aliyatazama yakitiririka na chumvi yake mpaka mtaroni, mbuzi wa majirani wakipigana pembe kuyalamba. Binti yake Esta, aliyeolewa Mugeta, alikuwa akiwapikia watoto mboga kwa maji matupu, maana dukani chumvi haikuwapo na kwa walanguzi haikushikika. Alipokuja kusalimia alisimama mtaroni na mbuzi wale, akatazama. Hakuomba. Ghati angeweza kuvumilia kuombwa.

Esta alipoondoka, Ghati aliketi akifikiri. Magadi yalikuwapo sokoni, hakuna aliyeyagombea. Magadi hulainisha maharage yaliyokaa miaka miwili. Hulainisha kisamvu. Kitu kinacholainisha maharage kitashindwaje na maji? Akakoroga magadi pale alipozoea kukoroga chumvi, akayamimina mtunguni. Maji yaliyotoka yaliteleza vidoleni kama mlenda. Jumamosi Felisian alinawa, akasugua viganja, akacheka.

"Mama, siku hizi unauweza kuliko mimi."

Ghati akaokota ndoo yake, akaingia jikoni. Sifa ya mwana ni tamu, na yeye hakuwa amezoea vitamu. Wiki zote zilizofuata mtambo ulikula magadi, na chumvi ikabaki ndani ya gunia, uvunguni mwa kitanda, ikimsubiri Esta. Alimpelekea fundo moja tu la khanga. Mengine, alisema moyoni, yatafuata.

Ndipo ukaja msako wa walanguzi. Wenye maduka walikuwa wakitupa bidhaa vichakani, na jirani alimtazama jirani kama paka anavyotazama samaki. Ni nani aliyetaja nyumba ya Felisian? Hakuna aliyehitaji kuitaja. Mbuzi wa mtaa mzima walikuwa wanalamba mtaro wake. Mgambo walifika Jumamosi, Felisian yupo, wakavuta gunia kutoka uvunguni, na uwanja ukajaa watu.

"Ndugu Felisian," alisema katibu kata, "chumvi yote hii ya nini?"

"Ya mtambo. Unaila ndipo unalainisha maji."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Katibu aliutia mkono ndani ya gunia, ukazama hadi kiwiko. "Tangu Pasaka unakula, na gunia limejaa hivi? Basi huyo ni mgeni mwenye adabu sana."

Watu wakacheka. Ghati alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. Felisian alikuwa amegeuka kulitazama gunia, na usoni mwake kulikuwa na mshangao wa kweli ambao kwa wengine ulionekana kama hatia.

"Nipeni sabuni," alisema. "Nitawaonyesha."

Akafungua bomba. Likatema matone, kisha likatoa uzi mwembamba wa maji yenye ukungu. Akasugua sabuni. Povu halikuja. Utando wa kijivu ulielea ndani ya beseni, na mwanamke mmoja akasema, "Hata kwangu kunatokaga hivyohivyo, na sijaficha hata chembe!"

Felisian alifungua kifuniko cha mtungi, akaingiza mkono, akatoa bonge. Punje zilikuwa zimeshikana ndani ya gamba jeupe, kama uji ulioganda. Akalionja kwa ncha ya ulimi.

"Mzuieni!" mtu alipiga kelele. "Anakula ushahidi!"

Kicheko kilipokuwa kikizunguka uwanja, Felisian aliinua macho akamtazama mama yake. Hakumtaja. Alilirudisha bonge mtunguni, polepole.

"Ni mimi!" Ghati alipasua umati. "Nilitia magadi! Chumvi niliificha mimi, nampelekea binti yangu!"

"Bibi," katibu alisema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kofi, "magadi ni ya maharage. Kaa pembeni."

"Mama akimdanganyia mtoto wake, hata Mungu anageukiaga upande mwingine," alisema mzee mmoja, na watu wakaona amesema vema.

Dafroza alisema mama anasema kweli. Akaambiwa kwamba hata mwalimu huoga maji hayohayo.

Felisian akapelekwa kizuizini Musoma. Gunia liligawiwa palepale, bakuli kwa bakuli, na ndimi zinazosema leo ndizo zilizoilamba chumvi ile siku hiyo. Ghati hakupewa. Aliambiwa ya kwake ameshakula.

Kuanzia hapo alikuwa na jambo moja tu duniani: mtambo ufanye kazi, ili ionekane mwanawe hakudanganya. Alizimwaga punje zote juu ya turubai. Akazisugua konzi kwa konzi kwa maji ya ndimu, gamba likichemka na kutoa mapovu, ngozi ya vidole ikichubuka, watoto wakimwimbia "Bibi Magadi" kutoka kwenye ua. Kisha alitembea hadi Mugeta kuomba chumvi.

"Ile uliyoleta tumeshaila, Mama," alisema Esta. Akampa iliyobaki, haikujaa hata kiganja kimoja. "Ungejua inamgharimu kaka, si ungeniacha nile mboga bila chumvi?"

Ghati alirudi, akaikoroga, akazinywesha punje, akasuuza, akaonja. Povu likaja. Lilikuja jeupe, likapanda, likamwagika juu ya ukingo. Alibeba beseni kichwani hadi ofisi ya kata, haraka kadiri miguu yake ilivyoweza, bila kujibu salamu ya mtu. Alipolitua mezani, jua lilikuwa limeshalila povu lote. Ndani mlibaki maji tu.

"Umeniletea maji ya kunawa, bibi?" katibu alimuuliza. "Ahsante." Akanawa.

Felisian aliachiwa mwaka uliofuata, bila kuelezwa sababu, kama alivyokamatwa bila kusikilizwa. Alirudi na kikohozi ambacho hakikumwacha mpaka kilipomzika. Jioni aliyofika, Ghati alimtilia maji ya kuoga, laini, akasimama mbele yake na ndoo mkononi, akamuuliza swali moja: kwa nini siku ile, mbele ya watu, hakumtaja.

Alichojibu Felisian kilisikiwa na watu watatu. Wawili wako chini ya udongo, makaburi yao yanagusana. Wa tatu ni Dafroza, na Dafroza hasemi. Asiulizwe.